Mtani Msibani, Mbunge Ukumbini

(Mazungumzo ya jioni mbele ya wanafunzi wa sheria na wana midahalo, Upanga, Dar es Salaam. Yameandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na kelele zake.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, na pale kwenye ngazi mtu mmoja amenishika mkono akaniomba nisitaje sana majina ya watu. Dakika nitazilinda. (Kicheko)

Kabla ya yote nikiri jambo. Miaka niliyoripoti Bunge, kazi yangu ilikuwa kukaa juu kwenye jukwaa la waandishi, daftari pajani, nikisubiri watu wakosane. Siku ambayo wabunge waliuchambua muswada kifungu kwa kifungu, kwa utulivu, mhariri alinipa aya mbili ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la magodoro. Siku waliyoshikana mashati nilipata ukurasa wa mbele na picha. Kwa hiyo mnisikilize mkijua kuwa huyu anayezungumzia adabu alipata ugali wake kwenye vurugu.

Nianzie msibani.

Mwaka juzi kule Mbagala alifariki mzee mmoja jirani yetu, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha. Mchana turubai limefungwa, wanaume mkekani, masufuria upande wa akina mama, kimya kile cha msiba mnachokijua. Mara akatokea mtani wake, Mnyamwezi, mtu mzima mwenye mvi. Amevaa koti la marehemu. Lile koti la kaki tulilijua wote, lina kifungo kimoja cheusi na vingine vya kahawia. Kashika bakora ya marehemu, anapita mlango hadi mlango akigonga: "Tarehe tano leo! Tarehe tano!" Sauti ileile, kikohozi kilekile. Wapangaji wakainama kuficha nyuso. Binti mkubwa wa marehemu alicheka huku machozi yanamtoka. Ilipofika saa ya kutoa jeneza, bwana yule akalala kifudifudi kwenye njia: halipiti mpaka deni la babu yake lilipwe. Watu wakachangishana, huyu elfu mbili, huyu elfu. Akahesabu polepole, akasema pungufu, akaongezewa, akainuka, akajifuta vumbi. Makaburini, juani, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuachia sepetu.

Hakuna aliyekimbia kumwita mjumbe wa shina.

Mtazameni huyo mtu. Alivuruga staha ya mahali penye staha kuliko Bunge lolote. Lakini ndani ya kelele zake mlikuwa na kauli: mzee alikuwa mbana kodi, msimpambe kupita kiasi. Hakumnyang'anya shehe dua yake. Alipopewa haki yake aliinuka. Na maiti ilizikwa kabla ya alasiri. Wazee waliotuachia utani walijua kwamba heshima ikizidi huzaa uongo, wakampa mtu mmoja ruhusa ya kuutoboa. Tangu siku ile, kila nikisikia mbunge ametolewa nje nauliza swali moja tu: je, maiti ilizuiwa kuzikwa, au tulichekwa tu?

Sasa twende Dodoma. Ibara ya 100 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kutakuwa na uhuru wa mawazo, majadiliano na utaratibu katika Bunge. Wanasheria, angalieni maneno hayo matatu yalivyokaa: mawazo, majadiliano, utaratibu, yote katika pumzi moja. Kisha ibara inaendelea kwamba uhuru huo hautahojiwa na chombo chochote, wala mahakamani, wala mahali pengine nje ya Bunge. Nje ya Bunge. Mzizi wake ni wa Waingereza, waliotangaza mwaka 1689, baada ya wafalme kuwasumbua kwa vizazi, kwamba maneno ya bungeni hayatashitakiwa mahakamani. Ngao hiyo inatazama nje: inamkinga mbunge na polisi, na hakimu, na mkuu wa nchi. Upande wa ndani iko wazi. Wenzake wakikaa kwenye Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, wakaleta taarifa, wakaunga mkono hoja asilimia mia moja, ngao haimsaidii. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana jambo hili gumu. Anayetuhumiwa kuvuruga mara nyingi ni wa upande mdogo, na wanaopiga kura ya kumwadhibu ni wa upande mkubwa. Nimewahi kumsikia Spika mstaafu wa nchi jirani akisema wabunge ni familia, wanaonyana. Sawa. Lakini ngedere naye ana familia, na hakimu wake ni nyani.

Nisionekane napuuza utaratibu. Bila utaratibu anayeumia ni mpole. Bunge letu lina wabunge zaidi ya 300. Kila mmoja akisimama kwa mapafu yake, watasikika wale wanane wenye mapafu, na mama wa viti maalum aliyeandaa hoja yake ya maji usiku kucha hatasikika. Kengele ya muda, kumwita mwenzako Mheshimiwa hata kama jana mlitukanana kantini, kusema kupitia Kiti, yaani anayeongoza kikao, badala ya kunyoosheana vidole, hayo ni mambo ya kumlinda mnyonge. Nayapenda.

Na ndani ya utaratibu huohuo kuna maandamano yaliyokubaliwa. Mnajua habari ya kushika shilingi? Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, linapita bajeti ya wizara fungu kwa fungu. Likifika fungu lenye mshahara wa Waziri, mbunge anasimama: nisipopata maelezo ya kutosha nitatoa shilingi. Yaani mshahara upungue shilingi moja. Hakuna anayeitaka hiyo shilingi, leo hii hata ombaomba wa Posta ataikataa. (Kicheko) Lakini kwa shilingi hiyo Waziri anageuka, anawatazama watendaji wake, vikaratasi vinapitishwa, kalamu zinaanguka. Nimemwona Waziri mwenye sauti nzito akitetemeka vidole kwa ajili ya shilingi moja. Hapo utani umewekwa kwenye kanuni. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi shilingi hurudishwa kabla haijapata joto mkononi, na muda ukiisha inakuja gilotini, yaani mjadala unakatwa, mafungu yanapita kwa "ndiyo" moja ndefu, na yule wa maji vijijini anabaki na karatasi yake.

Wenye kuandika Taarifa Rasmi, zile tunazoziita Hansadi, wana alama zao. Wengi wakigonga meza mpaka msemaji asisikike, inaandikwa kwenye mabano: Makofi. Wachache wakizomea, inaandikwa kwamba wamesema bila kufuata utaratibu. Sikio ni lilelile, desibeli zilezile. Nawaachia hilo mlitafune.

Ukitoka hapa ukateremka kuelekea baharini, jirani na bustani ya mimea, upo ukumbi wa Karimjee. Wengi wenu mnaujua kwa kuaga miili ya viongozi. Enzi za mkoloni ndipo lilipokaa Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1957 Gavana alimteua Julius Nyerere aingie humo. Akaingia, akasema, akapendekeza, akakataliwa. Desemba mwaka huohuo akajiuzulu. Hakugonga meza wala hakuchana karatasi. Aliona kukaa kwake pale kunaipa serikali sura ya kusikiliza bila kusikiliza, akaondoka na hiyo sura. Basi tusiambiwe kwamba kutoka nje ya ukumbi kumeletwa na vijana wa juzi wasio na malezi.

Nije kwa yale yaliyotokea macho yakiwa wazi.

Agosti 2007 mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, alileta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa na Waziri London. Bunge likamwona amesema uongo, likamsimamisha. Hakupiga kelele, hakurusha kitu, kosa lake lilikuwa hoja yenyewe. Kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia mambo ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na kati ya wajumbe akamteua nani? Huyohuyo aliyekuwa kifungoni. (Makofi) Na mwaka 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Bunge lilitumia neno adabu kufunika mjadala, na nchi ikalazimika kuufunua kwa mlango mwingine.

Halafu Septemba 2013. Muswada wa kurekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Katiba uko mezani, wapinzani wanalalamika Zanzibar haikushirikishwa. Naibu Spika anamwamuru Kiongozi wa Upinzani, Freeman Mbowe, akae, kisha atoke. Wenzake wanamzunguka. Askari wa Bunge wanaingia, suti zinakunjwa, ngumi. Mimi nasema wazi, hata kama baadhi ya marafiki zangu wako humu: siku ile waliopinga walipoteza. Walikuwa na hoja nzito kuhusu Muungano, na kesho yake nchi nzima ikazungumza nani kampiga nani. Nilikwenda kunyoa nywele, kinyozi akanihadithia ngumi mpaka staili ya mateke. Nikamuuliza muswada ulihusu nini. Akazima mashine akafikiri. "Posho?"

(Kicheko)

Anayepinga naye ana deni. Apinge kwa namna ambayo kinyozi atakumbuka hoja.

Mwaka 2016 wakabadili mbinu. Januari serikali ilikuwa imetangaza kuwa televisheni ya taifa haitaonesha tena Bunge moja kwa moja kutwa nzima, sababu gharama. Kukawa na fujo, polisi wakaingia ukumbini, na Mei wabunge saba wakasimamishwa kwa ajili ya siku ile. Kisha ukaja mgogoro wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliorudishwa nyumbani, wapinzani wakataka ujadiliwe, Kiti kikakataa. Basi kila alipokalia Kiti Naibu Spika, wao wanatoka. Siku moja walitoka wamebandika karatasi za gundi midomoni. Kimya kabisa. Ukitaka maandamano yenye adabu kuliko hayo utayapata wapi? Hawakumnyima mtu maikrofoni, wameziba midomo yao wenyewe...

(Sauti kutoka nyuma: Walizibwa! Hawakuziba, walizibwa!)

(Mwenyekiti: Kijana, utaratibu. Utapewa nafasi.)

Mwache, Mwenyekiti. Kanisahihisha herufi moja na sentensi yangu yote imegeuka. Nitarudi kwako, kijana, kaa hapohapo. Niseme tu upande wa pili: walitoka siku, ikawa wiki, ikawa wiki kadhaa, na bajeti ya shilingi trilioni 29.5 ikapita viti vyao vikiwa vitupu. Yule mtani wa Mbagala alilala njiani robo saa. Angelala siku tatu, watu wangemkwepa pembeni na jeneza lao. Na miaka miwili kabla, Aprili 2014, UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, walitoka kwenye Bunge Maalum la Katiba wakasema hawarudi, na kweli hawakurudi. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba, na mpaka leo ipo kabatini, haijapigiwa kura. Hapo kutoka nje kulikuwa na uzito kwa sababu katiba haiandikwi na upande mmoja. Bajeti inaweza. Anayesusa apime anasusa nini.

Msidhani mambo haya ni ya wapinzani peke yao. Juni 2024 aliyesimamishwa vikao 15 alikuwa Luhaga Mpina wa Kisesa, mbunge wa chama tawala. Alimtuhumu Waziri wa Kilimo kulidanganya Bunge kuhusu vibali vya sukari, akatakiwa kuleta ushahidi, akaupeleka kwa Spika, na akauweka pia mbele ya waandishi kabla Spika hajaamua. Hilo la pili ndilo lililomponza. Unaweza kusema alikosea mlango. Nakubali kabisa kuwa ukikabidhi ushahidi kwa hakimu hutakiwi kuusoma sokoni. Lakini vikao 15! Sukari ilikuwa inauzwa bei ya dhahabu, na mtu wa Kisesa, aliyekunywa uji mkavu mwezi mzima, ndiye aliyebaki bila mtu ukumbini.

Kuna na adabu ya mavazi, naipita haraka. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa kwa ajili ya suruali iliyosemwa inabana. Nilitazama picha mara mbili nikitafuta kosa, mke wangu akaniuliza natafuta nini, nikaacha. (Kicheko)

Wenzetu je? New Zealand, Novemba 2024, mbunge kijana wa Kimaori, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, aliulizwa chama chake kinapigaje kura kuhusu muswada uliogusa Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840, mkataba wa watu wake na Taji la Uingereza. Akasimama, akachana nakala ya muswada vipande viwili, akaanza haka, ngoma ya jadi ya Wamaori. Wenzake wakashuka kuungana naye, waliokuwa juu kwenye viti vya wageni nao wakaitikia. Spika akaahirisha kikao. Muswada ulianguka Aprili iliyofuata kwa kura 112 dhidi ya 11. Na bado Juni 2025 Bunge likamsimamisha yeye siku 7, na viongozi wawili wa chama chake siku 21, adhabu ambayo Bunge hilo halijawahi kutoa ndefu kama hiyo. Sasa hapo mizani yangu inayumba kidogo. Haka ilichukua kama dakika moja na nusu, ilikuwa na kauli, na kwa Wamaori ni kauli rasmi kuliko "Mheshimiwa Spika". Ila wapo waliodai wale viongozi walisogea mpaka mbele ya viti vya wapinzani wao wakati kura inahesabiwa. Kumsogelea mtu anapopiga kura, mimi sikupendi. Ningetoa siku moja, na ningeitoa kwa hilo la kusogea, sio kwa haka.

Hungary mwaka 2013 wabunge waliinua mabango ukumbini kuwaambia wakubwa kuwa ni wezi. Mmoja alileta toroli lililopakwa rangi ya dhahabu, limejaa udongo, akaliweka mbele ya Waziri Mkuu, maana yake wakubwa wanagawana mashamba. Mwingine akaja na kipaza sauti cha mkononi. Wakatozwa faini bila kuitwa kujieleza. Wakaenda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na Mei 2016 wakashinda. Mahakama haikusema toroli ni halali. Ilisema Bunge lina haki ya kuadhibu, ila huwezi kumwadhibu mtu hujamsikiliza. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kesi iliyotokana na wabunge wa ovaroli nyekundu, wa chama cha upinzani cha EFF, waliotolewa mzobemzobe mwaka 2015 walipombana Rais Zuma kuhusu fedha za nyumba yake ya Nkandla. Sheria iliruhusu anayevuruga kukamatwa na polisi. Mahakama ikasema sheria hiyo isiwaguse wabunge. Mbunge anayevuruga atolewe kwa kanuni za Bunge, asikamatwe kwa kusema. Na Kampala, Septemba 2017, watu wa usalama waliingia ukumbini wakawabeba wabunge waliopinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa Rais. Ukumbi ulitulia, ndiyo. Desemba muswada ukapita.

Mtaniuliza nataka nini basi. Nataka vitu vidogo, vya kikarani.

Mbunge akizuia mwenzake asiseme, au asipige kura, atolewe, bila huruma, awe wa chama chochote, na wagonga meza wakiwemo. Akiudhi tu, akachana karatasi yake mwenyewe, akabeba bango, akageuza mgongo, aandikwe kwenye Hansadi amefanya hivyo na kwa sababu ipi, kikao kiendelee. Kutolewa kuhesabiwe kwa saa, kwa siku ikibidi. Ikifika kusimamishwa kwa wiki, asikilizwe kwanza, akiwa na mtu wa kumsemea, na wanaomsikiliza wasiwe wengi wa upande mmoja. Na hili la mwisho nimelifikiria sana tangu habari ya sukari: aliyesimamishwa aendelee kupeleka maswali yake kwa maandishi, na Waziri ayajibu kwa maandishi. Mtu wa Momba, Kisesa au Kigoma hakuchana karatasi ya mtu. Swali lake kuhusu zahanati halina sababu ya kwenda kifungoni.

Na siwa, nilitaka kuisahau. Mmeiona ile fimbo ya Bunge inayobebwa mbele ya Spika. Ikiingia, wote wanasimama kimya. Jina tumelitoa pwani. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na zote ni baragumu. Zilipulizwa mji mzima ukasikia, kwenye harusi za wakubwa na kutawazwa kwa watawala. Tumechukua kitu cha kupigiwa kelele tukakifanya alama ya kunyamaza. Sidai ipulizwe Dodoma. Ingawa ningelipa nauli kwenda kusikia. (Kicheko. Makofi)

Mwenyekiti ananionesha saa, na mimi sitaki kutolewa. Maswali. Yule kijana wa nyuma aliyesema walizibwa, apewe maikrofoni yeye kwanza, na asiombe radhi.